Kitalu cha miche njia ya Pangani, Tanga: kwa anayetaka ndege chozi waje uani kwake

Jamani mlio Tanga mjini na mna uwanja hata mdogo nyuma ya nyumba, kuna kitalu njia ya Pangani nataka kila anayependa ndege akijue. Ukishatoka mjini nyumba zikaanza kuachana, mkono wa kushoto utaona miembe miwili mikubwa na chini yake miche imepangwa kwenye viriba vyeusi na makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, bas ndo hapo. Bango hawana. Mwambie bodaboda akupeleke kwa mzee wa mishubiri, hii mimea ya jamii ya aloevera, wengi wao wanapajua.

Mi nanunua pale toka muda na kilichonifanya niandike ni kimoja, ukienda vitalu vingine ukasema nataka maua ya kuvuta ndege unaoneshwa chochote chekundu kilichopo siku hiyo na bei inaanzia hapo. Pale kwa mzee unaulizwa kwanza. Unakaa wapi, karibu na bahari au huku juu, jua linapiga uani kuanzia saa ngapi, una paka, maji ya kumwagilia unapata vipi, alafu ndo anakuuliza ndege gani unawataka. Swali hilo la mwisho wengi wanajibu wale wadogo wa kwenye video wanaosimama hewani bila kutua. Na hapo ndo mzee anavuta kigoda anakaa, ujue leo huondoki haraka.

Maana wale wa kwenye video ni hamingibadi, na hamingibadi Afrika hawapo, hata mmoja. Wanaishi Amerika tu, kuanzia Alaska huko juu mpaka ncha ya kusini kabisa, wapo aina zaidi ya 300, na bustani zile nzuri tunazoziangalia kwenye simu za watu wa Marekani waliopanda monada, lobelia nyekundu, na ule mtambaazi wa maua ya tarumbeta unaoitwa kampsisi, ile yote ni mimea ya asili ya kwao huko mashariki ya Marekani, imekua na ndege wa kwao miaka na miaka mpaka ua na mdomo vimezoeana. Wako sahihi kabisa kwa kwao. Ila mtu anaagiza mbegu hizo hizo zije mpaka Makorora, mimea iliyozoea kulala kwenye baridi kali nusu mwaka, analipia na usafiri, anasubiri ndege ambaye hawezi kuvuka bahari kuja kumuona. Inaniuma kwa sababu pesa ile ile ingemletea ndege wa kwetu ndani ya msimu mmoja.

Ndege wa kwetu ni chozi. Wao wana hamingibadi, huyu ndo mnyonya maua wa upande wetu wa dunia, Afrika na Asia wapo aina zaidi ya 140, ukoo mwingine kabisa hawana undugu wa karibu na wale wa Amerika, lakini kazi yao ni ile ile ya kufuata nekta kwaiyo wameishia kuwa na umbo linalokaribiana, mdomo mrefu mwembamba, kwa chozi umepinda kidogo, na madume yenye manyoya yanayong'aa yakipigwa na jua. Hapa Tanga ukiwa na macho utamuona yule mweusi mwenye kifua chekundu, utamuona mdogo zaidi wa kijani mgongoni na njano tumboni, na yule mwenye mkanda wa zambarau kifuani. Majike wengi ni wa rangi ya udongo au kijani iliyofifia, watu wanadhani ni ndege wengine.

Tofauti moja mzee anaisisitiza na naona ndo siri ya kitalu chake chote. Hamingibadi ananyonya akiwa anaelea, yule mwenye koo jekundu wa mashariki ya Marekani mabawa yanapiga mara 50 hivi kwa sekunde moja, ndo maana ua la kwao linaweza kuning'inia mahali pasipo na tawi na likapata mgeni. Chozi anaweza kuelea kidogo lakini hapendi, anataka kutua. Siku moja alishika bua la mshubiri lenye ua akalikunja na kidole likarudi, akasema, "Mwanangu, hapa ndo anasimama. Ukimpa ua halina pa kushika atakuja, atahangaika, ataondoka." Toka siku hiyo kila mche nikiutazama naangalia kwanza ndege atasimama wapi, na ukweli ukitembea na jicho hilo utaelewa kwa nini maua fulani yana ndege na mengine yanapendeza tu.

Sasa mishubiri yenyewe, maana hii ndo fahari ya pale. Sizungumzii aloevera tu ile ya kupaka, hiyo anayo, asili yake Uarabuni na ua lake ni la njano, chozi wanainyonya bila shida. Lakini mwambie mzee nioneshe ya kwetu, atakupeleka nyuma ya banda. Kuna ile ya majani mapana yenye madoa meupe, haina shina, imekaa chini kabisa na inatoa bua lenye matawi na maua ya rangi ya machungwa kwenda nyekundu, wataalamu wanaiita Aloe lateritia, hii kwangu ndo nambari moja kwa uwanja mdogo. Kuna nyingine inapanda juu kwa shina inapita urefu wa mtu, hiyo weka kwenye kona. Maua ya mshubiri ni vijibomba vinavyoangalia chini na vinafunguka kuanzia chini ya bua kwenda juu, kidogo kidogo, kwaiyo bua moja linalisha ndege muda mrefu, halimalizi siku mbili likapukutika. Na mara nyingi inachanua kiangazi, wakati majani ya watu wengine yamejikunja na hakuna ua lingine la maana mtaani, ndo maana chozi wakishaijua nyumba yako hawaisahau.

Haitaki maji mengi. Huku kwetu udongo ni mchanga au ule wa mawe ya matumbawe unaomeza maji yote, watu wanalalamika, kumbe mshubiri unaupenda. Kinachoua ni kumwagilia kila jioni kama mchicha, mizizi inaoza.

Jambo jingine linalonifanya nimheshimu huyu mzee, haendi kung'oa porini. Mishubiri karibu yote duniani imo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, aloevera peke yake ndo imeachwa nje, na sababu ya hiyo mingine kuwekwa humo ni watu kuing'oa porini na kuuza. Yeye anatenga machipukizi yanayotoka pembeni ya mama, anayaacha kivulini yakauke kidonda ndo anayapanda, na mengine anasia kwa mbegu. Ukienda utaona trei za vimche vidogo kabisa bado havijafika kuuzwa. Binti yake ndo anaziangalia hizo, na ukitaka kujua kitu cha mbegu muulize yeye sio baba yake, anajua zaidi.

Nisisitize kwa sababu sisi ni watu wa Tanga na mkonge tumezaliwa tukaukuta, msiuchanganye na mshubiri. Nimesikia mtu kabisa pale anauliza kwa nini anunue shubiri wakati mikonge ya bure ipo. Mkonge asili yake Mexico, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na ukaanzia Kikogwe kule Pangani, unatoa ua mara moja tu maishani ukishachoka alafu unakufa. Mshubiri huu wa kwetu ni wa Afrika na unachanua kila mwaka. Ni habari ile ile ya hamingibadi na chozi, mmoja wa Amerika mwingine wa kwetu, wamefanana kwa ajili ya maisha wanayoishi sio kwa ajili ya damu.

Bei ya mshubiri wa madoa mdogo nililipa elfu tatu, uliokomaa unaokaribia kuchanua elfu nane mpaka kumi. Sio bei chee ukilinganisha na aloevera inayouzwa kila mahali kwa buku, lakini mche uliosiwa na kulelewa unachukua muda na mi naona ni haki yake.

Mmea wa pili wa kununua pale bila kufikiria ni hibiskasi ya kuning'inia. Wengi tunaijua hibiskasi ya uzio, ile imetoka Asia. Hii nyingine ua lake linaning'inia kwenye kikonyo kirefu chembamba, petali zimechanika chanika na kujikunja kurudi juu, na kile kijiti cha katikati ya ua kinashuka chini kirefu sana. Ni ya pwani yetu hii hii, Kenya, Tanzania mpaka kaskazini ya Msumbiji, na chotara nyingi za hibiskasi zinazouzwa duniani zina damu yake. Niliposikia hivyo nilishangaa kwa nini haipo kila nyumba Tanga. Mtu ana mmea ambao umetokea ufukwe huu na unapendwa dunia nzima, alafu anaenda kununua ua la plastiki la kuweka sebuleni!

Chozi wanashika kile kikonyo au tawi la karibu wanajinyoosha. Inataka kivuli cha nusu siku na maji kiasi, na walio Raskazone au popote upepo wa bahari unapopiga moja kwa moja muipande nyuma ya ukuta, chumvi inababua majani wakati wa kusi. Inashika kwa vipandikizi, kwaiyo ukinunua mmoja kwa elfu tano mwakani unawagawia majirani.

Mwamba ngoma upo, miche ya elfu mbili, na huu ni mti wa chozi hasa, unapukutisha majani yote alafu unawaka maua mekundu kwenye matawi matupu, ndege wanajaa. Ila nilimshuhudia mzee akimkatalia jamaa mmoja kumuuzia. Jamaa anakaa Ngamiani, nyumba za kubanana, uwanja wa kufulia tu, na alikuwa ameshika pesa mkononi. Mzee akamuuliza shamba huna? Akasema lipo Muheza. "Bas peleka shamba, hapa mjini utaukata kabla haujachanua na utakuwa umeniudhi." Ule mti unakuwa mkubwa, una miiba, na mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zinapendeza sana lakini ni sumu, mwenye watoto wadogo wanaookota vitu aangalie. Mfanyabiashara anayekataa pesa ili mti usije kukatwa, mi huyo nampa heshima yangu yote.

Alafu kuna kile cha bure. Lile gugu refu linaloota pembeni ya mashamba baada ya mvua, bua la pembe nne, lina vifundo vya mviringo vyenye miiba miiba vimepandana kwa ngazi na kutoka humo maua ya machungwa yenye manyoya, wengi mmeliona na mmelifyeka. Liyonotisi. Chozi wanasimama juu ya kifundo chenyewe wanazunguka ua moja moja kwa raha zao. Mbegu mzee anakufungia kwenye kipande cha gazeti hachukui hela, tupia mwanzoni mwa masika au vuli, linapita urefu wako ndani ya miezi michache, likishakauka kata vifundo kabla mbegu hazijamwagika la sivyo litakutawala. Kwa mtu ambaye hana hela ya miche aanze na hili, sitanii, hamna kitu kingine kinachokupa ndege haraka hivyo kwa sifuri shilingi.

Tekoma ya machungwa ya kutengenezea uzio ipo na inauzwa sana. Hapa mzee ni mkweli, anakwambia hii asili yake kusini ya Afrika huko, sio ya Tanga, ila ni ya bara letu na chozi wanaipenda. Kwa taarifa tu ni ukoo mmoja na ile kampsisi ya Marekani, kwaiyo wewe uliyetamani tarumbeta za kwenye video tekoma itakutosha na haivunji ukuta. Kwa uzio ningeichagua mara mia kuliko michongoma.

Bogenvilia anauza, watu wanaitaka, siwezi kumlaumu, mtu anaishi kwa biashara. Ila mjue rangi yote ile ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo ka ndani na asili yake Amerika Kusini. Lantana hauzi kabisa. Ukimuuliza anakuonesha upande wa pili wa barabara ilivyojaa yenyewe, imetoka Amerika ya joto na ikishaingia shambani hakuna kinachoota chini yake. Hamelia pia anayo michache, ile ya vijibomba vyekundu, huko kwao ni mmea wa hamingibadi na huku chozi wanaunyonya, sitamwambia mtu aung'oe kama anao. Kama unaanza sasa hivi na nafasi ni ya miche mitano tu, usiipe hiyo nafasi.

Watu wa Muheza wenye michungwa nao niwakumbushe kitu, ile mimea inayoota juu ya matawi ya mchungwa na mwembe yenye maua membamba mekundu, najua inanyonya mti na mnaikata, lakini maua yake mengi yanasubiri chozi aje ayabonyeze na mdomo ndo yapasuke wazi. Mkiacha kishada kimoja kwenye mti wa zamani usiozaa tena hamtapoteza kitu.

Sasa mapungufu, maana sio kila kitu kiko sawa pale.

La kwanza vibao vya majina hakuna. Kila kitu kiko kichwani mwa mzee na binti yake, wakiwa hawapo kijana anayebaki anakwambia haya yote ni maua ya ndege, hiyo haisaidii. Mama mmoja nilimkuta ameuziwa hibiskasi ya kawaida ya uzio kwa bei ya ile ya kuning'inia, miche ikiwa midogo bila ua kutofautisha sio rahisi kwa mgeni. Binti alimbadilishia alipoirudisha, na hakumuuliza maswali mengi, lakini mama alishalipa bajaji mara mbili. Kipande cha bati na kalamu ya wino mzito kingemaliza jambo hili.

La pili, kagua viriba kabla ya kulipa. Kuna hibiskasi nilichukua ilikuwa na vile vidudu vyeupe vya pamba pamba chini ya majani na vilishaanza kutembea kwenye mimea mingine. Walinipa mwingine. Geuza jani uangalie, ni sekunde chache tu.

La tatu hawaleti nyumbani na njia ile mche mrefu kwenye bodaboda unafika umepukutika. Chukua bajaji, au nenda na mwenzako mwenye pikapu mchangie mafuta.

Lakini kuna jambo moja la vidudu hivyo nilitaka kulieleza vizuri kwa sababu linahusu chozi moja kwa moja. Nilipomwambia nitanunua dawa nipulize, mzee alinizuia. Kwake hapulizi dawa ya dukani, anaosha na maji ya sabuni, anatoa kwa mkono, tawi likizidiwa anakata anachoma. Sababu yake ni kwamba chozi haishi kwa nekta peke yake, anakula wadudu na buibui na makinda analisha wadudu hao hao, sasa ukiua kila kinachotembea umemwekea soda ukamnyang'anya ugali. Na buibui wana kazi ya pili, utando wao ndo chozi anaotumia kufungia kiota, kile kifuko kinachoning'inia chenye kijimlango pembeni, ambacho mara nyingi anakijenga karibu kabisa na watu, kwenye waya wa kuanikia, kwenye tawi la mlangoni. Hata hamingibadi huko kwao wanafunga viota vyao na utando wa buibui. Kwaiyo ukiwa na hamu ya kufagia kila utando kwenye kibaraza, acha ile ya kwenye miti.

Mkikuta kiota msikiguse na msikisogeze. Mwambie mtoto aangalie kwa mbali.

Kuna duka mjini linauza vile vichupa vyekundu vya plastiki vya kuwekea maji ya sukari, vimetoka nje, ghali kweli, na mzee aliulizwa mbele yangu kama ataanza kuviuza. Alikataa na mi naungana naye. Huko Marekani wanachanganya sukari nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo vinne, bila rangi yoyote, na wanaosha chupa mara kwa mara hasa kukiwa na joto. Sasa joto la Tanga la Februari kaskazi ikiwa imesimama, yale maji yatachacha kabla hujarudi kazini na ndege atakunywa uchafu. Na vichupa vingi vimetengenezwa kwa hamingibadi havina hata pa kutua. Hela ya kichupa kimoja inanunua mishubiri mitatu.

Watu wananiuliza kama kweli wanakuja. Wanakuja. Mishubiri ikichanua kwangu dume mmoja wa kifua chekundu anaitawala kona nzima, anawafukuza wenzake mpaka anachoka, na akiona sura yake kwenye kioo cha pembeni cha bajaji ya jirani anakipiga kwa mdomo akijua ni mpinzani, jirani siku hizi anakifunika na soksi. Wadogo wanavizia akiwa mbali. Wengine hawapiti mlangoni kabisa, ua likiwa refu kuliko mdomo wanatoboa kitako chake kwa pembeni wananyonya, ukiona hibiskasi ina vitundu chini ujue ndo hao. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili ndo wanachangamka, jioni tena jua likilegea.

Ila msitegemee kila chozi. Yule chozi wa Amani ambaye wazungu wanapanda ndege kuja kumtafuta, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1935, yeye anaishi juu kabisa kwenye vilele vya miti ya msitu, Usambara Mashariki, Udzungwa, na Arabuko-Sokoke kule Kenya, na yuko hatarini kutoweka. Huyo haji Mikanjuni hata upande nini. Ukimtaka pandisha mlima mpaka Amani, kwenye hifadhi ya msitu huko Usambara Mashariki, chukua muongozaji wa pale pale na ujiandae shingo kuuma. Wakati huo huo utaona bustani ya miti waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, imejaa miti ya kila pembe ya dunia, na kati yao kuna mhesi ambao ulipandwa kisha ukaingia msituni wenyewe ukasambaa. Nilipouona kwa macho nikaelewa kwa nini mzee ni mgumu sana kwenye kuuza vitu vya kigeni.

Nyota nne kati ya tano nawapa, na ile ya tano wanaikosa kwa ajili ya vibao tu. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mchana mzee anapumzika na jioni wanamwagilia hawana muda wa maongezi. Ijumaa wanafunga mapema. Malipo cash au kwa simu, namba ya kulipia binti atakupa. Mbebe viriba vya zamani mkiwa navyo, wanavipokea na wanakupunguzia kidogo. Na anayetaka mwamba ngoma kwa ajili ya shamba amwambie mzee mapema, Januari au Februari, anaiandaa kwa oda ili iingie ardhini masika yakianza Machi.